Zamu Aliyoniachia Dada

Ndugu waombolezaji, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, wengi mkimfahamu kama Mama Pacha, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mkunga, akizaliwa chumba cha nyuma kwa sababu mama hakuwa na mkunga mwingine wa kumwita.

Alianza shule Januari 1986, akamaliza kidato cha nne Novemba 1996, na tarehe 1 Juni 1998 akaajiriwa chumba cha dobi cha hospitali ya serikali, akipiga pasi mashuka pamoja na magauni wanayovaa wanawake wakienda kupigwa picha ya matiti, milango miwili kutoka kwenye mashine yenyewe. Tarehe 12 Agosti 2003 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye dada alikuwa akimtania kuwa huenda kazini taratibu na kurudi kula mbio, wakajaliwa pacha wa kike Mei 2006.

Februari 2023 aligusa uvimbe kwenye titi la kushoto, zahanati ikampa rufaa, akaandikiwa tarehe 9 Mei ya kupigwa picha hiyo, maana mfanyakazi naye hupanga foleni kama wengine. Siku hizo mimi niliumwa titi, nikawa silali, nikamlilia, akaenda dirishani kuomba liandikwe jina langu badala ya lake.

“Ukitoka hapa unaanza upya, mama,” karani alimwambia.

“Mwandike mdogo wangu, mimi nipo hapa hapa kila siku.”

Nikapigwa picha, nikakutwa mzima. Yeye akapewa tarehe 14 Novemba, siku hiyo mashine ikawa imeharibika, ikatengenezwa Machi 2024. Hakuniambia ana uvimbe, nami sikumuuliza ile tarehe aliitafutia nini.

Alipopigwa picha tarehe 20 Machi na kupimwa tumbo, saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini, na daktari akamuuliza mbele yangu, “Ulikuwa wapi siku zote hizi?”

Akajibu, “Chumba cha dobi.”

Alifariki tarehe 6 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, wodi ya wanawake, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliowapikia pacha, na wenzake wa kazini waliombadilishia shuka bila kusubiri kuitwa. Baba ameniagiza niseme kwamba familia haina kinyongo na mtu yeyote. Nimesema kama nilivyoagizwa.

Dada yangu, pumzika, na amani iwe yako.