Mama Penseli na Madaftari ya Watoto Mia Sita

Dada yetu mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Penseli, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Agosti 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta. Baba yetu alikuwa akipanga barua hapo posta, na mama alikuwa fundi cherehani. Dada alikuwa kifungua mimba katika watoto wanne. Mimi ninayesoma maneno haya ndiye niliyemfuata ziwa.

Alianza shule Januari 1961. Nilipoanza mimi, miaka miwili baadaye, baba alikuwa mgonjwa na daftari la hesabu lilikuwa moja kwa watu wawili. Yeye alisoma asubuhi na mimi mchana, tukipokezana njiani. Aliandika kuanzia mbele, mimi nikaanzia nyuma. Kabla muhula haujafika nusu, mwandiko wangu mkubwa ulikuwa umeshamkuta katikati. Nilingoja kofi. Badala yake alichukua rula, akanichorea mistari midogo ndani ya ile mikubwa, akasema, "Andika humu. Nafasi ipo, ila wewe unaandika kama unapaka ukuta rangi."

Alimaliza sekondari mwaka 1971 na chuo cha ualimu Novemba 1974. Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1975 aliripoti katika shule ya msingi iliyo karibu na tangi la maji, na hapo hapo alifanya kazi kwa miaka thelathini na minane.

Ndipo alipompata shemeji yetu, fundi seremala. Mwaka 1977 shule ilihitaji madawati, na mwalimu mkuu wa wakati huo alimtuma dada apokee makadirio. Aliyarudisha mara mbili, akisema mbao zimezidi. Mara ya tatu fundi akaja na bei ile ile.

"Mbona hujapunguza?" dada akamuuliza.

"Ningepunguza ungekubali," fundi akajibu. "Halafu ningerudi hapa kwa kisingizio gani?"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Desemba 1978. Bei ya madawati ilipunguzwa pia, maana dada hakuwa mtu wa kuchanganya mapenzi na mali ya shule. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1986 aliteuliwa kuwa mwalimu mkuu msaidizi, akakabidhiwa bajeti ya vifaa vya madarasa na ufunguo wa stoo. Kabla yake bajeti ilinakiliwa tu kutoka ile ya mwaka uliopita. Yeye alizunguka darasa kwa darasa akifungua makabati. Mwalimu mmoja aliomba boksi kumi za chaki. Dada akakuta nne chini ya meza yake.

"Na hizi, mwalimu?"

"Hizo za akiba, mama."

"Akiba ya mwalimu mmoja ni njaa ya mwenzake," alisema, akaondoka nazo kwapani.

Jina la Mama Penseli alilipata madukani. Hakununua boksi la penseli bila kutoa moja, kuiangusha mara tatu kwenye sakafu ya saruji, kisha kuichonga. Risasi ikitoka vipande vipande, anarudisha boksi. Wenye maduka walilalamika kwamba anaharibu bidhaa. Aliwajibu, "Watoto wangu hawaandikii kwenye mto wa kulalia. Hizi zitaanguka kila siku."

Mwaka mmoja aliweka kwenye bajeti mikasi sita ya mkono wa kushoto, na mwenyekiti wa kamati ya shule akasema huo ni ufujaji. Dada hakubishana. Alimpa mkasi wa kawaida na karatasi ya manila, akamwomba akate duara kwa mkono wa kushoto. Kamati ilitazama karatasi ikijikunja na mwenyekiti akitoka jasho, mpaka mwenyewe akasema, "Andika mikasi sita, tuendelee."

Lakini watu wakimzungumzia, wengi huanza na mwaka 1991. Mwaka huo fedha za vifaa zilikuja nusu. Dada alizunguka mji siku nne, akapata duka lililokuwa na madaftari ya bei nafuu, kurasa tisini na sita. Alinunua katoni kumi na mbili, kiasi cha kuwatosha watoto mia sita kwa mwaka. Wiki ya sita, mtoto wa darasa la nne alimfuata ofisini akasema, "Mwalimu, daftari langu limeisha na sikuchana hata karatasi." Dada alilihesabu. Kurasa sitini na nne. Akafungua katoni zilizobaki. Yote yalikuwa hivyo hivyo. Aliyeangusha penseli zote za mji alikuwa amehesabu madaftari, asihesabu kurasa.

Usiku huo hakula, shemeji anasimulia. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Kesho yake aliitisha mkutano wa wazazi, akasimama mbele yao na daftari mkononi. "Fedha zenu nilipewa mimi," alisema. "Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Nipeni wiki moja." Mzazi mmoja akapiga kelele kwamba ameshiba rushwa. Neno hilo lilimuuma miaka mingi.

Jumatatu shemeji alimbebea katoni saba zilizobaki kwa mkokoteni mpaka dukani. Mwenye duka alisema mali ikishauzwa hairudi. Dada hakugomba. Alikalia katoni moja karibu na kaunta, akafungua nyingine, akaanza kuhesabu kurasa kwa sauti, daftari moja baada ya jingine. Mteja akiingia, anamsalimu vizuri, kisha anaendelea: "Sitini na mbili, sitini na tatu, sitini na nne. Haya, jingine." Wateja waliuliza, naye akawaeleza bila kumtukana mtu. Saa tisa alasiri mwenye duka alitoka nyuma ya kaunta akasema, "Mama, nakuomba, usihesabu tena. Hata mimi niliuziwa hivi hivi kiwandani na sikuhesabu."

"Basi tumekosea wawili," dada alimwambia. "Tutengeneze wawili."

Mwenye duka alibadilisha katoni zote saba, akaongeza mbili. Mzazi aliyepiga kelele alikuja kuzishusha. Na huyo mwenye duka, ambaye sasa ni mzee na yuko nasi hapa, aliihudumia shule hiyo miaka ishirini bila daftari moja kupungua ukurasa.

Mwaka 1994 dada alifanywa mwalimu mkuu, na Agosti 2013 alistaafu. Makabidhiano ya stoo yalichukua siku tatu, kwa sababu alitaka mrithi wake ashike kila kitu kwa mkono wake, hadi madasta ya kufutia ubao.

Mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Ugonjwa ulimfunza jambo lililomshinda maisha yake yote, nalo ni kununuliwa vitu na wengine. Majirani walileta matunda, shuka, sabuni. Nilimtania, "Dada, siku hizi hukagui?" Akacheka. "Cha kupewa hakikaguliwi, mdogo wangu. Kinapokelewa."

Alilazwa tarehe 20 Februari mwaka huu wa 2025. Jumapili yake ya mwisho nilimuuliza kama kuna kitu kinachomsumbua. Alifikiri kidogo, akasema, "Nilipata kazi niliyoipenda na mtu wa kunipenda. Wapo wanaopata kimoja tu, na bado wanashukuru. Mimi nitalalamikia nini?" Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mume wake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na moja.

Ameacha mume, fundi wetu, binti wawili, mmoja muuguzi na mwingine mwalimu, mwana mmoja, fundi umeme, wajukuu saba, wadogo zake watatu, mawifi, mashemeji, na watu wazima wengi waliojifunza kuandika chini ya macho yake. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya tatu, majirani, na walimu waliokuja na wanafunzi wao.

Mungu aliyetupa dada huyu tunamrudishia kwa shukrani. Dada, lala salama, na amani ya Mungu ikufunike.