Neno Lililomkimbiza Mzee Kerrow

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Daktari Nasteho, masheikh na wazee wetu, wauguzi wenzangu, ndugu wageni waalikwa mliofika mapema na ninyi mliofika baada ya kusikia harufu ya pilau. Na wewe, Mzee Kerrow, uliyekataa kiti ukakaa nje ya dirisha: asalaam aleikum.

Mimi ni Sista Abshiro. Kwa miaka thelathini na moja nimefunga na kufungua vidonda vya watu wa Garissa, na leo saa kumi ninastaafu. Sasa ni saa tisa na nusu. Kwa nusu saa hii, Mheshimiwa, bado ninaweza kufukuzwa kazi, ila barua yenyewe itachelewa.

Nimeombwa nisifu kabla hujafungua kitengo hiki kipya. Basi nimsifu Daktari Nasteho, aliyetuletea utafiti wa kutibu vidonda vya upasuaji vinavyogoma kufunga. Anachota mafuta kidogo ya tumbo la mgonjwa mwenyewe, maabara ya Nairobi inachambua humo seli shina, zile zinazosaidia nyama mpya kuota, kisha anazidunga kuzunguka kidonda. Si miujiza. Kati ya wagonjwa kumi na wawili, wanane vidonda vyao vimefunga, na wanne bado ninawaosha, au tuseme niliwaosha hadi leo asubuhi.

Sasa nijisute. Mzee Kerrow, mfugaji wa ngamia kutoka Ijara, alipasuliwa utumbo uliojisokota. Ana kisukari, na miezi minne baadaye kidonda kilikuwa bado wazi. Daktari alisema kikizidi kuingia ndani tutampoteza. Nikapewa fomu ya idhini nimsomee kwa Kisomali, nikaigeuza yote vizuri isipokuwa neno moja. Sikujua seli ya mwili inaitwaje kwetu, nikaliacha vilevile. Jamani, ni nani hapa asiyejua seli ni nini? Ni nani asiye na jamaa aliyewahi kulala humo, kituo cha polisi, katika msako wa vitambulisho? Mzee Kerrow mwenyewe alilala humo siku nne, kwa sababu kitambulisho alikiacha kwenye koti lingine. Basi akasikia, kwa lugha ya mama yake, kwamba daktari anataka kumtia seli, kwamba hataumia sana, na kwamba kama anakubali aweke kidole gumba hapa chini.

Hakubishana. Aliniomba maji ya kutawadha, na niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Alijifunga kikoi juu ya gauni la wodi, ambalo mnalijua, lina mbele tu, akapanda pikapu iliyoleta maziwa mjini, huyo Ijara.

Kesho yake Daktari na mimi tukamfuata. Tulimkuta amelala ubavu kando ya zizi, ana homa, nzi wamemjaa. Akamtazama Daktari, akamwambia kwa Kiswahili chake, "Daktari, kitambulisho iko. Mimi nimekosa nini?"

Nimeona mengi katika chumba cha kufungia vidonda, lakini sijawahi kuona aibu kama siku ile. Nililia, na asiniambie mtu kwamba lilikuwa vumbi. Nikakaa chini nikamwambia: sahau seli, nimekosea mimi. Ngamia wako ukame ukimbana anakula nini? Akasema anakula nundu yake. Nikamwambia kwamba daktari anataka kuchota nundu yako kidogo, akupelekee pale mwili uliposhindwa. Akajishika tumbo, akaona hakuna cha maana, akauliza kama haiwezi kuchukuliwa ya Mheshimiwa, ambaye amemwona kwenye bango na anayo ya kutosha. Nikamjibu kwamba utafiti huu unataka ya mtu mwenyewe. Akapanda gari.

Fomu ikaandikwa upya, ikapitishwa na kamati ya maadili, na tangu hapo hakuna aliyetoroka. Kidonda cha Mzee kilifunga wiki ya tisa.

Leo amesafiri kuja kuniaga. Alipofika mlangoni alimwomba mlinzi amsomee ubao wetu mpya. Umeandikwa KITENGO CHA SELI, kwa herufi kubwa kuliko jina la Mheshimiwa, na hilo si jambo dogo. Ndiyo maana yuko dirishani. Na akina mama wawili wenye vidonda, tuliowaita waanze tiba leo, wameusikia ubao huohuo, wakageuzia langoni wakaenda zao. Hao tutawafuata wapi? Niliionya kamati ya maandalizi mara tatu, nikajibiwa kwamba rangi imeshakauka.

Basi Mheshimiwa, uliponiona nikitoka katikati ya hotuba yako, sikwenda msalani. Nilichukua kile kiti alichokikataa Mzee, nikapanda, nikaupangusa ubao, nikaweka pamba, nikalifunga lile neno kwa bendeji. Ndicho kidonda changu cha mwisho. Naomba kisifunguliwe mpaka mpate jina ambalo mgonjwa halikimbii.

Wauguzi wenzangu, nawashukuru kwa miaka yote. Wageni, mmenivumilia kuliko wagonjwa wangu, na kwa masikio yenu ninasema ahsanteni.

Mzee Kerrow, seli haipo tena mlangoni. Ingia, abboowe, kaka yangu. Kiti chako kina alama za viatu vyangu, lakini ni chako. Mkasi wa Mheshimiwa wa kukata utepe utasubiri mpaka upite wewe.