Matofali Yenye Dole

Kwenye Noah ya abiria ya kwenda Sitalike, mbele yangu walikaa Mama Scolastica na Mzee Uwesu, majirani wanaowahi mkutano wa kujenga ukumbi mpya wa kijiji. Ule wa zamani ulijengwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila familia ikaleta matofali. Sasa wanabishana nani aliubomoa.

“Ni upepo, mama,” alisema Mzee Uwesu. Upepo wenye adabu kweli: uliacha msingi, ukaenda kuyapanga matofali majikoni mwa watu.

“Upepo gani, mzee wangu? Marehemu baba alibonyeza kidole gumba kwenye kila tofali bichi alilofyatua. Jiko lako lote lina dole la baba!”

“Na banda lako la kuku je?”

“Mimi nimerithi.”

Mzee akamgeukia mzimamzima. “Umerithi ukumbi?”

“Ukumbini hapo, washukaji!” akaita konda. Wakashukia penye msingi uliomezwa na nyasi, wakiwa bado wanafokeana. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kutangaza kwa kipaza sauti: “Utaratibu ni uleule, ndugu zangu. Kila mtu alete matofali kutoka nyumbani kwake.”

Gari likaondoka.