Bwana Buya, Aliyemwoza Bint Mbung'o

Bwana Buya Athman anatuaga rasmi tarehe 31 Desemba 1958, baada ya kukitumikia Kituo cha Uchunguzi wa Mbung'o hapa Garsen kwa miaka ishirini na miwili. Nimepewa mimi niandike, kwa kuwa ndimi dereva wa kituo na hakuna aliyekaa naye garini kunishinda. Atakayesema nimetia chumvi, aje anipikie chakula kisicho chumvi tuone kama kitalika.

Alianza kwa kazi ya kujifunga kitambaa cheusi mgongoni na kupita vichakani, ili mbung'o, wale nzi wanyonya damu, wamdhanie nyati wamfuate, wenzake wawanase kwa nyavu. Akaiweza mno. Siku moja upande wa Minjila nyati wenyewe walimdhania mwenzao, akaenda nao malishoni mpaka alasiri, na aliporudi alilalamika kwamba nyasi zilikuwa kavu. Na mbung'o wa enzi zile msiniulize: mmoja aliling'ata tairi la gari langu likaisha pumzi njiani.

Baadaye akapandishwa cheo, akawa mkalimani na mwenye kuwaeleza watu kazi yetu. Hapo ndipo alipoukuta mtihani wake mkubwa, mwaka 1954.

Mwaka huo wafadhili wetu wa Ulaya walisema watakuja kuona kama wananchi wanaielewa kazi hii. Wasipoielewa, kituo kifungwe, na sindano za kutibu ng'ombe ziondoke nacho. Tatizo, wafadhili wale walijiita Baraza. Sasa huku kwetu nani asiyejua baraza? Ni chifu, kodi, na amri ya kupunguza mifugo. Lilipotangazwa tu, Waorma wakaswaga ng'ombe wakapotelea mbugani, Wapokomo wakavuka mto na mitumbwi yao. Garsen wakabaki mpishi wetu na mbuzi, tena mbuzi ni kwa sababu alikuwa kafungwa kamba.

Bwana Buya hakubishana na neno. Alituma habari hadi Idsowe kwamba baraza limevunjika, badala yake kuna harusi ya Bint Mbung'o. Hakuna aliyeuliza Mbung'o ni mtu wa wapi. Harusi ni harusi. Watu wakaja na ngoma na mavazi ya sikukuu, mpaka mamba wakapanda ukingoni kutazama.

Wafadhili walipofika walipigwa na butwaa. Bwana Buya akamwongoza Bi Arafa, somo aliyewafunda maharusi wote wa mtoni, mpaka kwenye hadubini, ile mashine ya kukuzia vidudu, amkague bibi harusi. Bi Arafa akainama, akachungulia kwa jicho moja, kisha akageuka.

"Buya mwanangu, huyu mwari wenu mbona ana mimba tayari?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Kicheko hakijaisha, Bwana Buya akafundisha: mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja kama sisi, humficha kwenye udongo wa kivulini, fyeka kichaka kando ya malisho, hana pa kumlaza. Picha zetu zote za ukutani zilikuwa zimeshindwa kuyafikisha maneno hayo.

Ndipo akasimama Mzee Dukicha Guyo, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakikonda na kufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Akaegemea fimbo, akawatazama wageni.

"Binti katoka kichakani kwetu. Mahari analipa nani?"

Bwana Buya akamtafsiria mwenyekiti wa wafadhili kwamba mzee anauliza nani atagharimia kazi hii siku za mbele. Mwenyekiti, machozi yakimlengalenga kwa kuona sayansi inavyopendwa, akaweka mkono kifuani.

"Tutalipa sisi."

Vigelegele vikapigwa. Wala hakudanganywa mtu. Kila mmoja alijibiwa swali lake.

Sindano zikabaki, na ng'ombe wa Mzee Dukicha leo wamenona hata njia ya kisimani imebidi ipanuliwe. Wafadhili wakichelewesha dawa, yeye mwenyewe huja ofisini kutukumbusha kwamba mkwe mwenye adabu hangoji kudaiwa.

Bwana Buya, kwa kazi uliyotufanyia, ahsante sana. Nenda Kinakomba kwenye migomba yako, ukalime ukiwa na afya, ukale na jamaa zako kwa furaha, na Mungu akuzidishie umri wenye raha.