Mama Nakaale na Maziwa ya Zizini

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya mifugo, Lodwar na kisha Kakuma, Mama Nakaale Ekwam anastaafu tarehe 30 Juni. Mbuzi wa sokoni watafurahi. Sisi wenzake kazini hatufurahi.

Alianza kazi mtaa wa Kanamkemer, Lodwar, akikamata mifugo wanaozurura mjini kinyume cha sheria. Hakuwa na upendeleo. Mbuzi wa mama mkwe wake alipokutwa akitafuna magunia ya duka la watu, alimpeleka kwenye zizi la serikali kama wengine, na Krismasi hiyo chai ya ukweni aliinywa baridi. Punda waliozoea kulala barabarani walimjua kwa mwendo. Wakimwona tu, waliamka wakaondoka kama watu wenye shughuli zao.

Lakini sisi wa Kakuma tunamkumbuka zaidi kwa mwaka wa ukame mkubwa. Mbuzi wa Nyaruach, bibi mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliingia bustani ya zahanati akamaliza sukuma wiki yote. Akafungiwa zizini mpaka shauri lisikilizwe. Bibi huyo alikuwa akilea mjukuu wake, Nyawal, mtoto mchanga aliyefiwa na mama siku ya kuzaliwa, na maziwa ya mbuzi yule ndiyo yaliyokuwa yakimweka hai.

Mkubwa wetu wa wakati huo alikataa katakata kumwachilia mbuzi. Mama Nakaale naye hakumwachilia. Alfajiri alifungua lango, akamwingiza Nyaruach na kikombe chake, akamshikia mbuzi kichwa. Mkubwa alifoka kwamba mnyama wa zizini ni wa serikali, yeye na vilivyomo ndani yake. Mama akamjibu kwamba sheria imeshika mbuzi, haijashika maziwa, na kama maziwa nayo ni ya serikali, basi mkubwa avue koti aje akame. Hakuja.

Tangu hapo, wenye mbuzi wa maziwa huingia kukama asubuhi na jioni. Hakuna sheria iliyoandikwa kuhusu hilo. Lilisimama kwa sababu Mama alikubali kubeba lawama. Ndiyo maana wiki hii akina mama, Waturkana na wakimbizi, wamekuja kutuuliza nani atawafungulia akishaondoka. 

Jana Ewoi, anayechukua nafasi yake, alifika kabla ya jua, akafungua lango na kushika kichwa cha mbuzi. Alipigwa teke gotini. Leo amekuja akichechemea, akafungua tena.

Ejok, Mama, umefanya vyema. Asante kwa yote. Nyawal yuko darasa la tatu na ni msumbufu kweli. Mungu akujalie mvua na malisho huko nyumbani kwako Namoruputh. Lango tutafungua sisi.