Fundi Kipimo, Aliyeitafutia Ndege Kwao

Kaka yetu marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Kipimo, alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1950, saa mbili na robo asubuhi, katika chumba cha pili cha zahanati iliyo nyuma ya stesheni ya reli. Tunayajua haya hadi dakika zake kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa alikitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba aliyetengeneza saa na mama aliyepika shuleni.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1958. Akiwa darasa la tano alimwambia mwalimu wa hesabu kwamba rula kubwa ya ubaoni imelika ncha na inapunja. Mwalimu akamtoa nje, akambandika jina la Kipimo ili limkere, na wiki iliyofuata akaja na rula mpya. Jina halikumkera hata kidogo. Alisomea ufundi wa ndege chuoni kuanzia 1967 hadi 1970.

Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa katika karakana ya ndege ndogo, akadumu hapo hadi alipostaafu mwishoni mwa mwaka 2010. Kila boliti aliyoikaza aliitia nukta ya rangi nyekundu, kisha akarudi kuikagua upya. Marubani wenye haraka walimnunia asubuhi na kumshukuru jioni.

Alifunga ndoa tarehe 21 Agosti 1976 na wifi yetu, fundi wa kushona. Walijuana alipompelekea ovaroli iliyochanika na kumuuliza ataweka mishono mingapi. Wifi akamwonyesha kiti, akamwambia akae ahesabu. Akakaa, akahesabu, na kesho yake akarudi na ovaroli ambayo haikuwa imechanika. Walijaliwa watoto watatu. Alimwahidi mkewe kwamba siku moja atampakia kwenye ndege, maana wifi alifua mafuta ya injini kwenye nguo za mumewe miaka yote hiyo bila kupanda ndege hata mara moja.

Ndipo ilipoingia ile ndege. Mwaka 2003 karakana ilisafisha banda la nyuma, na marehemu akapewa ndege kuukuu ya viti viwili, injini moja, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa. Lile bamba dogo linaloonyesha ndege ilitengenezwa wapi halikuwepo; yalibaki matundu manne ya ribiti zilizokuwa zimelishikilia. Kitambaa cha zamani kilikuwa kimeoza. Marehemu alikibandua, akamwagiza mkewe akichome chote, kama taratibu za kazi zinavyotaka, asije mtu akakitumia tena. Kisha wakashona kipya pamoja, jioni baada ya jioni, hadi wifi akaanza kuiita ndege hiyo mke mwenza.

Kufikia Desemba 2004 injini ilikuwa inanguruma vizuri. Kilichobaki ni fomu ya usajili, na katika fomu hiyo mstari mmoja: mahali ilipotengenezwa. Bila mstari huo ndege hairuki.

Mstari huo ulimla kaka yetu miaka kumi na tisa. Namba ya injini ilimfikisha kwa watengenezaji wa injini, nao wakamjibu kwamba waliviuzia injini viwanda sita vya ndege. Akaviandikia vyote sita. Vinne vilijibu kwamba ndege hiyo si yao. Cha tano kilimtumia kalenda. Cha sita hakijajibu mpaka leo. Akaandika tena, akaambatisha picha, akaambatisha vipimo, na ofisi ya usajili ikawa inabadilisha fomu kila baada ya muda, ila mstari ni uleule. Sisi dada zake tulichoka kusikia habari za ndege hiyo, na leo tunasema bila kuficha. Karani mmoja, kwa huruma tu, alimwambia aandike popote, nani atakwenda kuangalia?

Marehemu akamjibu, "Nikidanganya kwenye mstari huu, zile boliti nilizokaza ataziamini nani?"

Akarudi nyumbani na fomu yake. Tulimwita mbishi. Wifi peke yake hakumwita hivyo, ingawa kiti alichoahidiwa kilikuwa kinajaa vumbi.

Moyo wake ulianza kumsumbua Juni 2023, na kuanzia Septemba akalazwa, wodi ya wanaume, kitanda namba kumi na moja. Tarehe 16 Oktoba ilifika barua kutoka kwa bibi mmoja mzee sana, ambaye ujanani alishona vitambaa vya mabawa, na ambaye mjukuu wake alikutana na swali ambalo marehemu alilituma mtandaoni. Alieleza kwamba kiwandani kwao kila kitambaa kilipigwa muhuri wa wino kwa ndani, kwenye shina la bawa la kushoto, pale linapoungana na mwili wa ndege: jina la kiwanda na jina la mji. Kama ndege ni ya kwao, afungue tu atauona.

Wifi aliisoma barua hiyo kando ya kitanda. Marehemu akafumba macho. "Nilikuambia ukichome," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejilaumu mwenyewe.

Wifi alikuwa amekumbuka kitu. Hakuwa amekichoma chote. Kipande kimoja kigumu alikionea huruma, akakificha kati ya vitambaa viwili vya maua na kukifanya kifuniko cha cherehani yake, iliyokaa kando ya meza ya chakula. Muhuri aliuona siku ileile ya kukificha, akadhani ni wa duka, kama ile mihuri inayokuwa kwenye pindo za majora ya vitambaa. Sasa, baada ya barua, alikwenda nyumbani, akakifumua kwa wembe, akarudi nacho hospitali.

Kilikuwa kiwanda cha tatu kati ya vile vinne vilivyokana.

"Miaka kumi na tisa nakula chakula mbele ya kitu hiki," marehemu akasema. Akageukia ukutani, akamnunia mkewe siku mbili nzima. Siku ya tatu akaomba fomu na kalamu, akaujaza mstari kwa mkono wake, herufi kubwa. Wifi akaipeleka ofisini pamoja na kile kipande.

Marehemu alifariki tarehe 29 Novemba 2023, saa kumi kasorobo alasiri. Barua ya ofisi ilifika kesho yake: maelezo yamekubaliwa, mmiliki afike mwenyewe kusaini. Tulilia kwa hasira zaidi kuliko tulivyolia kwa msiba.

Watoto walitaka kile kipande kirudishwe kiwekwe ndani ya jeneza. Wifi alikataa. "Safari hii hakuna kuchoma wala kuzika," alisema. "Nitasaini mimi, na nitapanda mimi."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo wanne, na ndege moja inayojulikana kwao.

Pumzika kwa amani, kaka. Mstari umejazwa, na umejazwa kweli.