Mtandao Umehamia Jikoni

GENEROZA: Haloo? Ni nani huyo? Namba ngeni ikinipigia mara ya pili, moyo unaruka.

ASTERIA: Si mimi yuleyule uliyenikatia! Mama Otmar, nisikilize kwanza—

GENEROZA: Ahaa! Mama Rosemary! Asubuhi hapo uani umeniambia nisikutazame hata kanisani. Jua halijafika kichwani umeshanitafuta?

ASTERIA: Zilikuwa hasira. Na wewe umeniita mchwa mbele ya majirani.

GENEROZA: Mchwa? Ningekuita mchwa ningekuwa nimekusifu! Mchwa ndio waliojenga kile kichuguu. Wewe umekibomoa!

ASTERIA: Kiko upande wangu! Jiko langu lilikuwa na nyufa, panya wanapishana humo kama wako stendi. Ulitaka nilikandike kwa uji?

GENEROZA: Ungechota udongo bondeni! Kitongoji kizima tulikuwa tunapanda kichuguu kile kupata mtandao. Mimi nilikuwa nasimama pale juu naongea na Otmar wangu yuko Kahama utadhani tumekaa mkeka mmoja. Sasa nimesimama juu ya kinu, nimekumbatia mpapai, na bado sauti yako inatoka kama uko ndani ya mtungi.

(mkwaruzo)

ASTERIA: —kwa Deogratias.

GENEROZA: Nini kwa Deogratias?

ASTERIA: Nasema niko Ushirombo, dukani kwa Deogratias wa pembejeo! Simu ni yake. Mbolea ya ruzuku imefika, foleni inazunguka hadi kwa kinyozi, na mifuko inaisha. Nimetaja jina, mashine yake imenikubali. Sasa inataka namba ya siri. Na namba ya siri wameituma kwenye simu yako.

GENEROZA: Simu yangu mimi? Mimi jirani mbaya?

ASTERIA: Siku afisa ugani alipokuja kutuandikisha, si wewe uliyesimama ukasema, "Wasio na simu andikeni yangu, mimi niko kichuguuni muda wote"? Tumeandika yako nusu ya kitongoji!

GENEROZA: Nilisema. Na kichuguu kiko wapi?

ASTERIA: Mama Otmar, mahindi yangu yameanza umanjano.

GENEROZA: Nimeyaona jana nikipita. Yanatia huruma. Ngoja, naweka spika nifungue meseji. Usikate, mie nisije nikaanguka bure hapa.

ASTERIA: Sikati.

GENEROZA: Hii hapa! Namba ya kuthibitisha. Nne, saba, nne—

ASTERIA: Nne, saba, nne, Deo, andika.

GENEROZA: —moja, sita, tatu.

ASTERIA: Moja, sita, tatu... Imekataa! Mama Otmar, imekataa, imetoa maandishi mekundu!

GENEROZA: Eeh. Pole. Hii ni ya Pantaleo, ya wiki iliyopita.

ASTERIA: Pantaleo? Yule anayeshinda duarani akichimba dhahabu? Ana shamba gani la kuwekea mbolea?

GENEROZA: Ndiyo hata mimi najiuliza. Nikikwambia meseji zake nyingine—

ASTERIA: Usiniambie! Yaani, niambie baadaye. Deo anasema nimebakiza mara moja tu. Nikikosea tena mashine inanifungia, nirudi kwa afisa ugani nianze upya. Na mifuko yenyewe naiona kwa macho ilivyobaki. Soma jina kwanza, ndipo usome namba!

GENEROZA: Nasoma, nasoma. Hii inasema, "Ndugu Ritha, unakumbushwa kuhudhuria kliniki ya wajawazito—"

ASTERIA: Ritha ana mimba?

GENEROZA: Sijasema mimi. Imesema simu.

ASTERIA: Mayu wane, mama yangu! Mama Otmar, na huku simu iko spika!

GENEROZA: Spika ya nini tena?

ASTERIA: Ili Deo asikie namba! Na Melania, mama mkwe wake Ritha, yuko nyuma yangu kwenye foleni!

GENEROZA: Mwambie ni Ritha wa kijiji kingine.

ASTERIA: Ameshakaa juu ya mfuko wa mbolea. Ameshika kifua. Subiri... subiri...

(vigelegele)

GENEROZA: Nini hicho? Msiba?

ASTERIA: Vigelegele! Anamkumbatia Deo! Alikuwa anasubiri mjukuu mpaka amekata tamaa. Sasa anacheza, foleni yote inacheza. Deo anaomba wasimpasulie mfuko.

GENEROZA: Umeona? Kichuguu kingekuwepo, meseji hii ingeingia juzi nikamwambia Ritha mwenyewe. Sasa huyo binti atajua mimi ndiye niliyemtangaza hadi Ushirombo.

ASTERIA: Utamwomba msamaha. Namba yangu, Mama Otmar!

GENEROZA: Haipo. Zote humu ni za zamani. Ya kwako haijaingia.

ASTERIA: Basi shuka hapo, tafuta mtandao! Nenda kwenye banda la nguruwe.

GENEROZA: Kule simu inakufa kabisa. Ngoja nishuke... ngoja... aah! Mguu! Kinu kimebingirika na pumba zangu zote!

ASTERIA: Umeumia?

GENEROZA: Zimeumia pumba. Nakuja huko kwako.

ASTERIA: Kwangu wapi?

GENEROZA: Nimeshapita uani. Nafungua mlango wa jiko.

ASTERIA: Jiko langu? Mama Otmar, unakwenda kufanya nini jikoni kwangu?

GENEROZA: Udongo wa kichuguu uko wapi? Si ukutani humu? Basi mtandao umehama na udongo wake.

ASTERIA: Mtandao haukai kwenye udongo!

GENEROZA: Nani amekwambia? Uliusomea wapi? Niambie, sasa hivi sauti yangu unaipataje?

ASTERIA: ...Vizuri.

GENEROZA: Nimeegemea ukuta wako. Huu hapa, karibu na mafiga.

ASTERIA: Utanichubulia ukuta, bado mbichi! Toka!

GENEROZA: Nitoke, au nisome meseji?

ASTERIA: ...Egemea.

GENEROZA: Nilijua tu. Ahaa! Umesikia mlio? Tena! Na tena! Zinaingia kama kumbikumbi! Hii ya shule... hii ya laini, nimeshinda gari, waongo hawa... "Ndugu Asteria"! Wewe huyu!

ASTERIA: Soma tena jina!

GENEROZA: A-S-T-E-R-I-A. Ni wewe, jina lako lote hadi la babu yako. Tisa, sifuri, mbili.

ASTERIA: Tisa, sifuri, mbili. Taratibu, Deo.

GENEROZA: Nane, tano, tano.

ASTERIA: Nane, tano, tano. Deo anabonyeza... inazunguka... bado inazunguka... Imekubali! Imekubali, Mama Otmar! Nimepata! Melania anapiga vigelegele tena, na hii wala haimhusu!

GENEROZA: Asante Mungu. Mahindi yatanyanyuka hayo. Mama Rosemary.

ASTERIA: Abee.

GENEROZA: Humu ndani kunanukia.

ASTERIA: Ni udongo mbichi.

GENEROZA: Udongo haunukii sato.

ASTERIA: Usifunue sufuria!

GENEROZA: Nimeshafunua. Jana nimekuja kuomba chumvi, ukaniambia leo mnakula mlenda. Huu mlenda una mapezi!

ASTERIA: Shemeji yangu amekuja na samaki kutoka Nkome, nikaogopa nyumba itajaa watu—

GENEROZA: Na hili bakuli lililofunikwa kwa sahani? Hili si bakuli langu? Si uliniambia limepasuka? Lina kipande cha katikati. Na mchuzi wa nyanya. Mama Rosemary, hiki ni cha nani?

ASTERIA: Sasa ningelirudishaje tupu? Asubuhi nilikuwa nalileta. Nilipofika tu uani ukaanza na kichuguu chako.

GENEROZA: Ulianza wewe.

ASTERIA: Haya, nilianza mimi.

(mkwaruzo)

GENEROZA: Unga unaweka wapi?

ASTERIA: Kwenye ndoo, nyuma ya mlango. Unauliza unga wa nini? Deo anataka simu yake, salio linamwishia.

GENEROZA: Nabandika maji. Mwambie bodaboda asikimbize, mifuko isije ikaangukia bondeni. Na uwahi, imeingia meseji nyingine ya Pantaleo hapa, siwezi kuisema kwenye simu.

ASTERIA: Nakuja! Usimalize samaki!

GENEROZA: Ukifika piga hodi.

ASTERIA: Nipige hodi kwangu?

GENEROZA: Piga. Mimi sibanduki ukutani, mtandao utakatika. Nitakwambia karibu, mama, ingia ndani, nawa mikono, tule—

(simu inakatika)